Sehemu ya Ukuta Chini ya Dirisha

Sikuwahi kujua kuchuma chai vizuri. Nalitanguliza hili kwa sababu mengi ya yaliyofuata yalianzia hapo. Kwetu, kwenye vilima vya juu ya Silibwet, msichana hujulikana kwa mikono yake. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, vidole vinakwenda vyenyewe huku mdomo ukipiga hadithi. Mimi nililitazama kila shina. Nilichagua. Mama na wenzake walipofika mwisho wa mstari, mimi nilikuwa bado katikati, na kikapu changu kina majani ya kufunika sakafu yake tu.

"Huyu anachuma kama mtu anayesoma gazeti," jirani mmoja alisema, na wote wakacheka, mama akiwemo. Hakikuwa kicheko kibaya. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilichotaka kuliko kitu chochote ni kuwa mmoja wao, mtu ambaye nafasi yake kwenye mstari inajulikana hata akiwa hayupo.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilimaliza kidato cha nne na alama zangu hazikunipeleka popote. Siku moja, sokoni Kericho, mtu aliyeuza vitabu kuukuu juu ya gunia aliniuzia kimoja kisicho na jalada. Kilieleza namna ya kujenga kwa udongo. Nilikisoma mpaka kurasa zikaachana. Nilijifunza kutia udongo na maji kwenye chupa, kuitikisa, kisha kungoja mchanga ukae chini na udongo wa mfinyanzi ulale juu yake, ili nijue udongo wetu una nini. Dirisha langu likajaa chupa. Nilichora nyumba nyuma ya karatasi za kalenda kwa rula ya shule, na mstari ukipinda kwa unene wa unywele nilianza upya. Sikuwa na mwalimu, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuniambia kwamba imetosha.

Kituo chetu cha kupimia majani kilikuwa nguzo sita, mabati, na mizani iliyoning'inia. Karani alikuja na lori, na lori lilikuja lilipotaka. Wanawake walifika saa nane mchana. Saa tisa mvua ikashuka, kama inavyoshuka kwetu karibu kila siku. Saa kumi na moja walikuwa bado pale, majani yamefunikwa vizuri yasilowe na watoto wamefunikwa kwa makaratasi ya nailoni. Majani ndiyo yaliyopewa mahali pakavu. Nilikua chini ya nailoni hiyo. Naikumbuka harufu yake, na aproni ya mama ikinidondokea mguuni, na nakiri kwamba nilipenda. Lakini watoto walikohoa, na mwaka ule walikohoa sana, kwa hiyo mkutano wa kituo ukaamua kujenga nyumba: asubuhi iwe shule ya chekechea, mchana wakae humo watoto na mama zao wakingoja lori.

Mwenyekiti wa kituo, mzee mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, alitaka matofali ya kuchoma. Kuni zingetoka mtoni, kwenye miti ya asili iliyobaki, ile ambayo bado ilikuwa na mizinga ya nyuki. Nilisimama kwenye mkutano nikiwa na ramani mkono mmoja na chupa ya udongo mkono mwingine. Nilipoinua chupa waione, maji yake yakachafuka tena.

"Mzee, tunaweza kutengeneza matofali bila kuchoma," nikasema. "Udongo wa hapa hapa, sementi kidogo, unashindiliwa kwa mashine ya mkono. Yanakauka kivulini. Ile miti ibaki."

"Na mvua?"

"Paa litatoka nje sana. Upenu wa hatua mbili. Mvua haitagusa ukuta."

Mwenyekiti alimgeukia fundi. Fundi huyo alikuwa na karakana Silibwet. Watu wake walitoka upande wa kati wa nchi, na yeye alikuwa amejenga nusu ya maduka ya pale. Aliikunjua ramani yangu, akaisogeza mbali na macho, akaikaribia.

"Mzee, hii mistari imenyooka kuliko barabara ya Bomet," akasema. "Mimi nitajenga. Lakini huyu mwalimu asinisimamie kila siku."

Nilimsimamia kila siku. Chuo cha ufundi cha kijiji kilituazima mashine, vijana wakaivuta, nami nikapima kila tofali lililotoka. Lenye pembe iliyomeguka nililiweka kando. Yaliyowekwa kando yakawa rundo kubwa, na fundi akayachukua akajengea kibanda cha mbuzi wake bila kunisema. Madirisha niliyaweka chini ili mtoto aliyekaa aone lori likipanda kilima. Maji ya paa niliyaelekeza kwenye tangi, wanawake wasishuke tena mtoni. Nilichagua mapau ya mikaratusi iliyopandwa, si ya msituni. Usingizi ulinitoka. Usiku nilijiuliza kama mlango unatosha kwa mtu mwenye kikapu mgongoni, na asubuhi nilikwenda na kikapu mgongoni kuupima.

Kisha ikaja siku ambayo nimeisimulia kwa watu wengi bila kuisimulia yote.

Kuta zilikuwa zimefika juu, mabati yamepigwa. Niliwaona wanawake wakipanda njia kwa mstari, wapatao ishirini, mitungi ya maji mgongoni, mabeseni ya kinyesi cha ng'ombe na majivu kichwani, wamevaa nguo za kuchafuka. Hakuna aliyewaita. Hawaitwi. Kwetu nyumba ikishapata paa, wanaume wamemaliza sehemu yao. Ukuta ni wa wanawake. Wanaukandika pamoja, kila mmoja sehemu yake, na kila mmoja anajua kipande chake kinaanzia wapi. Udongo ukianza kudondoka anarudi kurekebisha pale pale alipopaka. Nilijua hayo yote. Nilizaliwa ndani ya nyumba iliyokandikwa hivyo.

Lakini niliitazama mistari yangu. Matofali yalikuwa yamepangwa vizuri mno, mekundu, viungo vyake sawasawa kama mistari ya daftari. Kitabu changu kilisema ukuta wa aina hiyo hauhitaji kupakwa kitu. Nikasimama mlangoni.

"Mama zangu, asanteni," nikasema. "Hii haikandikwi. Ni matofali ya kisasa. Mkipaka mtaiharibu."

Mbele alikuwa bibi mmoja jirani yetu, mkubwa kuliko wote, ambaye sote tulimwita kogo, yaani nyanya. Alitua beseni lake polepole.

"Kwa hivyo sisi tufanye nini?"

"Mpumzike, kogo. Hii nyumba ni ya kuwapumzisha nyinyi. Mje tu siku ya kufungua."

Nilidhani nawapa zawadi, naapa. Kogo alinitazama kidogo, akamwaga maji yake kwenye mche wa mti uliokuwa karibu, na wengine wakafanya vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine. Mche ule nusura uelee. Mama alikuwa wa sita au wa saba. Alimwaga ya kwake kama wote, hakuniangalia, akateremka nao.

Siku ya kufungua tuliomba, tukanywa chai, mwenyekiti akasema maneno yake machache. Jumatatu iliyofuata mvua ilishuka saa tisa kama kawaida. Nilikuwa nimejificha upande wa pili wa barabara nione watu wakiingia nyumbani mwangu. Walikuja mbio, vikapu vimefunikwa, wakafika mlangoni, na wakaketi nje chini ya upenu.

Upenu wangu wa hatua mbili uliwatosha wote. Walikaa wamejipanga, watoto mapajani, mlango uko wazi nyuma yao. Hata mgongo hawakuuegemeza kwenye ukuta. Watoto walioingia waliitwa watoke.

Nikafikiri ni benchi. Nikamwomba fundi alipunguze miguu. Nikafikiri ni mlango, kwamba unafungukia upande wa upepo, tukahamisha bawaba. Nikasugua sakafu. Nikapima tena mwanga wa madirisha, nikaandika katika daftari. Wiki zikapita na kila saa tisa walikaa pale pale, wakipiga hadithi, na mvua ikipigwa na upepo ikawarushia miguuni. Jioni moja nilimuuliza mama, tukichambua mboga.

"Mbona hamwingii?"

"Tunaingia."

"Mama, hamwingii. Nawaona."

"Ni nyumba safi sana," akasema. "Tunaogopa kuichafua."

Nilikwenda kulala bila kula. Maneno hayo yangeweza kuwa sifa, na kama angeyasema mtu mwingine ningeyachukua kama sifa.

Fundi ndiye aliyeniambia, na hata yeye ni kwa sababu nilimchosha. Nilimwita mara ya tatu kuhusu bawaba. Akaketi kwenye benchi peke yake, ndani ya nyumba yenye nafasi ya watu arobaini.

"Mwalimu, mimi ni mgeni hapa miaka ishirini," akasema. "Nimejenga nyumba za watu wenu. Sijaona nyumba ambayo wamama walirudishwa na maji yao."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Uliniuliza? Wewe uliniuliza kuhusu pembe."

Msimu ule ilinyesha mvua ya mawe iliyochana majani ya chai vilima vyote, na ikaja kwa ubavu, ikapita chini ya upenu na kuukwangua ukuta wa magharibi mpaka matofali yakawa na vidonda. Mwenyekiti akasema upakwe sementi, yaishe. Nilimwomba wiki moja. Na hapa pia nilikosea, kwa sababu nilifurahi. Nilifurahi kwamba ukuta umeumia, maana sasa nilikuwa na sababu ya kwenda kwa wanawake bila kusema kwamba nilikosa.

Nilianza kwa kogo. Nilimkuta anasafisha vibuyu vya maziwa kwa mkaa. Nilimweleza habari za mvua ya mawe, za matofali kunyonya maji, za kinyesi na majivu kuzuia unyevu. Nilieleza kwa muda mrefu. Alisikiliza akisugua.

"Ukuta ndio umekutuma?" akauliza.

Nikaanza tena na habari za unyevu.

"Maana kama ni ukuta, mwambie mwenyekiti ana sementi."

"Hapana, kogo. Nimejituma."

"Unataka nini?"

"Nataka mwingie."

"Basi sema hivyo. Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga." Akanimiminia maziwa ya kibuyu, akangoja niyamalize. "Nenda nyumba kwa nyumba. Usiwaambie habari za unyevu. Sema ulitufukuza na unaomba turudi. Jumamosi asubuhi, kabla ya lori."

Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Ilinichukua siku tatu na kila nyumba ilikuwa na chai yake. Wengine walicheka, mmoja alinifanya nirudie mara mbili akisema hakusikia vizuri. Mama yangu nilimwachia mwisho. Nilimwambia jikoni, nikiwa nimesimama kama mgeni. Alisema, "Mimi nilikuwa nakuja tu," akaendelea kukoroga ugali.

Jumamosi walirudi. Walikanyaga udongo kwa miguu wakibishana, wakatia kinyesi, wakatia majivu, wakatupiana maneno ambayo siwezi kuyaandika, hasa ya kogo. Kila mmoja akaenda kwenye kipande chake kana kwamba kilikuwa na alama. Mama alichukua chini ya dirisha la upande wa barabara. Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa na pimamaji na daftari. Niliona tabaka la huyu ni nene, la yule ni jembamba. Niliuliza vipimo.

"Ndoo ngapi za udongo kwa moja ya kinyesi?"

"Tia mpaka itulie," mama akasema.

"Itulie vipi?"

"Mkononi."

Nikaandika: mpaka itulie. Nikaona haifai, nikakata. Nilipoweka daftari chini na kukunja mikono ya nguo, nikazunguka nyumba kutafuta pa kuanzia, ukuta wote ulikuwa umekwisha. Nilizunguka mara ya pili. Vidole vyao vilikuwa vimeacha mawimbi kutoka msingi hadi upenu, hayalingani hata kidogo, na mistari yangu ya matofali haikuonekana tena popote. Hakukuwa na hata shibiri moja iliyobaki.

Mvua ikaanza. Wakaingia. Wote, na matope hadi kwenye viwiko, na watoto, na vikapu. Niliwasikia kutoka nje wakigombania benchi. Nilikuwa nimepata nilichokiomba. Mama akaniita, "Si uingie, unanyeshewa," nikaingia nikakaa karibu na mlango. Lakini walizungumza habari za ukuta, nani amepaka vibaya kona ya nani, nani atadondokewa wa kwanza, na mimi niliyeuchora ukuta huo sikuwa na la kusema.

Baadaye nilipata kazi mjini Kericho, katika ofisi ya wachoraji wa ramani. Nanakili ramani za watu wengine: maduka, vituo vya petroli, nyumba za kupangisha za mawe na zege. Wananisifu kwa usafi wa mistari. Dirisha langu linatazama mashamba makubwa ya chai, yaliyokatwa sawasawa kama yamepigwa pasi, na wachumaji wake wako mbali hata sisikii sauti zao. Nimekaa hapa miaka mitatu. Kila Desemba wanawake wa kwetu huikandika upya nyumba ile, na kila Januari mtu hunisimulia, nami huuliza maswali mengi kupita kiasi.

Desemba iliyopita mama hakuweza. Vidole vyake vimevimba viungo. Miaka ya kuchuma kwenye baridi na umande imevikunja na havinyooki. Wenzake walikandika sehemu zao. Ya mama waliiacha. Si kwa ubaya; hakuna mwanamke wa kwetu anayepaka kipande cha mwingine aliye hai bila kuombwa, ni kama kumpikia mtu jikoni kwake. Ukuta ukawa mpya wote, isipokuwa chini ya dirisha. Mama akamtuma jirani anayekuja Kericho: "Mwambie sehemu yangu haina mtu. Aje. Asije na daftari."

Nilipaswa kuondoka wiki ile ile. Badala yake nilitafuta ubao wa zamani nyuma ya nyumba ninayopanga, nikaomba kinyesi kwa mtu mwenye ng'ombe wawili, na nikaanza kujifunza. Nilitaka nifike nikiwa najua. Mchanganyiko wa kwanza ulipasuka. Wa pili ulianguka wote kwa pamoja kama chapati. Wa tatu ulishika lakini ulinuka mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza. Jumamosi tatu zilipita hivyo. Nilikuwa na woga ule ule wa tangu zamani, sasa nikiuita maandalizi.

Jumamosi ya nne nilikwenda bila kujua. Mama alikaa ndani, kwenye benchi, akiniangalia kupitia dirishani, kichwa chake juu ya kichwa changu.

"Maji mengi," akasema.

Nikaongeza udongo.

"Sasa kavu."

"Mama, niambie kipimo."

"Ningekuwa nacho ningekupa. Tia mkono."

Nikatia mikono yote miwili, hadi kwenye viwiko. Ilikuwa baridi kisha ikawa na joto. Sijui kama ilitulia. Nilipaka, ikateleza, nikapaka tena. Nilikuwa napapasa, narudi nyuma, nasawazisha, naondoa nilichopaka.

"Usiibembeleze. Paka uache."

Kogo alipita njiani na fimbo yake, akasimama, akatazama kwa muda. "Nani amepaka ngozi ya kiboko hapa?" akauliza, ingawa aliniona vizuri. Kisha akaingia ndani akakaa na mama, na wakaanza kuzungumza habari za ng'ombe wa mtu fulani.

Nilipomaliza, kipande changu kilikuwa na nundu katikati na ukingo wake haukukutana na ule wa jirani. Nilitaka kukikwangua chote. Mama akasema nikiache, lori linakuja na watu wataka kukaa. Nikalala nyumbani siku hiyo, nikarudi Kericho Jumapili, udongo bado uko chini ya kucha. Jumatatu sikuzisafisha vizuri, na nilichafua ukingo wa ramani ya mtu.

Sasa ni majira ya mvua ndefu. Saa tisa inaposhuka hapa mjini naacha kalamu. Wenzangu ofisini wanadhani naogopa radi. Nawaza nundu ile, na ule ukingo, na mama kwenye benchi upande wa pili, na kwamba kutoka hapa hadi kule ni mwendo wa saa chache tu, na bado sipo.

Juzi yule jirani alipita tena ofisini. Nilimuuliza kabla hajaketi.

"Imeanguka kidogo," akasema. "Upande wa chini."

"Na hakuna aliyeirekebisha?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama kuna mtu aliyenivalia viatu vyangu.

"Nani airekebishe? Si ni yako?"

Nimeomba ruhusa ya Ijumaa. Mkuu wangu aliuliza ni kwa ajili ya nini, nikamwambia kuna kazi yangu kwetu haijakamilika. Akauliza itachukua siku ngapi. Nikamwambia sijui.